Mwongozo Kamili wa Kuupima Muswada wa Hadithi ya Watoto kwa Wasomaji Wenyewe

Muswada wa hadithi ya watoto hupita katika mikono ya watu wazima wengi kabla ya kumfikia mtoto: mwandishi, mhariri, mchoraji, mchapishaji, mwalimu, na mwishowe mzazi anayetoa fedha dukani. Kila mmoja wao huusoma akimkisia mtoto ambaye hayupo. Mwongozo huu ni wa mwandishi au mhariri anayetaka mtoto huyo awepo mapema, wakati ambapo sura nzima bado inaweza kufutwa bila hasara, na unahusu wasomaji wa umri wa miaka 8 hadi 14, yaani takriban kuanzia darasa la tatu hadi mwanzoni mwa sekondari.

Mfano mmoja wa zamani unaonyesha faida ya kazi hii na ugumu wake kwa pamoja. Mwaka 1936 mchapishaji wa London aliyeitwa Stanley Unwin alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na miaka 10, muswada wa The Hobbit wa J.R.R. Tolkien, akamlipa shilingi moja ili aandike maoni yake. Mtoto aliusifu, na kitabu kikachapishwa mwaka uliofuata. Hata hivyo Rayner aliandika pia kwamba hadithi hiyo ingewafaa watoto wa miaka 5 hadi 9, ilhali yeye mwenyewe alikwisha kuuvuka umri huo na alikuwa ameifurahia. Watoto wengi hufanya hivyo: hadithi iliyowashika huwapangia wadogo zao, wasije wakaonekana wadogo wao wenyewe. Maoni ya mtoto, basi, ni ushahidi wa thamani kubwa, lakini ni ushahidi unaohitaji kufasiriwa, na mara nyingi anachokifanya wakati wa kusoma kina ukweli zaidi kuliko anachokijibu akiulizwa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia muswada wa kubuni. Tuseme umeandika hadithi ya Mwanaidi, msichana wa miaka 11 anayeishi Pangani na babu yake mvuvi. Madema ya babu, yaani mitego yake ya samaki, yanatoweka moja baada ya jingine, Mwanaidi anamshuku binamu yake Hemedi, anavuka mto kwa kivuko kwenda Bweni kumfuatilia, na hatimaye anagundua kwamba babu mwenyewe ndiye anayeyauza madema usiku ili alipe deni analolionea haya. Sura ya mwisho ina mawaidha marefu ya babu.

Hatua ya kwanza: andaa muswada na uandike matarajio yako

Usiwapelekee watoto rasimu ambayo bado unajua kasoro zake. Rekebisha kwanza yote unayoweza kuyaona mwenyewe, kwa sababu muda wa watoto ni mfupi na hamu yao ya kusikia hadithi ileile mara ya pili ni ndogo. Chapa kwa herufi kubwa, acha pambizo pana, weka namba za kurasa, na kila sura ianze ukurasa mpya. Toa nakala moja ya ziada kwa ajili ya alama zako.

Kisha, kabla ya kukutana na mtoto yeyote, andika katika karatasi ya pembeni mahali unapotarajia wacheke, wanapotakiwa kuogopa, wanapopaswa kuanza kumshuku babu, na yupi kati ya wahusika unadhani watampenda. Karatasi hii inaonekana kama urasimu usio na maana, lakini bila hiyo ni rahisi mno kujiaminisha baadaye kwamba kila kilichotokea ndicho ulichokikusudia. Mwandishi aliyeandika mapema kwamba watoto watamshuku babu katika sura ya nne, kisha akawasikia wakimtaja katika sura ya kwanza, hawezi tena kujidanganya kuhusu fumbo lake.

Hatua ya pili: tafuta wasomaji, na ruhusa

Watoto wako mwenyewe, wapwa zako na watoto wa rafiki zako hawafai kuwa kundi kuu, kwa kuwa wanakupenda au wanakuogopa. Tafuta watoto watano hadi wanane kupitia maktaba ya mkoa au ya wilaya, shule, madrasa au kikundi cha watoto cha kanisa. Kundi la zaidi ya wanane hugeuka darasa, na chini ya watano mzungumzaji mmoja hulitawala. Usikubali kuchaguliwa wale tu wanaoongoza darasani, jambo ambalo walimu hulifanya kwa nia njema. Omba wachanganywe, na awemo angalau mtoto mmoja ambaye husemwa kuwa hapendi vitabu. Huyo atakufaa kuliko wengine wote.

Ruhusa ya mzazi au mlezi iwe ya maandishi na ieleze mambo matatu: hadithi inahusu nini, mtakutana wapi na kwa muda gani, na maneno ya mtoto yatatumiwaje. Usipige picha wala kurekodi sauti bila ridhaa iliyotajwa waziwazi. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kwa hiyo suala hili halihusu adabu peke yake. Kutana nao mahali pa wazi, na awepo mtu mzima mwingine anayefahamika kwao. Katika kumbukumbu zako tumia herufi au namba badala ya majina.

Ikiwa kitabu kinakusudiwa kusomwa pande zote mbili za mpaka, pata kundi moja Tanzania na jingine Kenya. Mtoto wa Dodoma anayepanda daladala na kuvaa ndala, na mtoto wa Nakuru anayepanda matatu na kuvaa patipati, hawatakwama mahali pamoja, na kwa watoto wengi wa bara la Kenya Kiswahili ni lugha ya pili au hata ya tatu. Neno geni lenyewe si kosa. Watoto wa Dodoma huenda hawajawahi kuliona dema, lakini sentensi inayomwonyesha babu akilitumbukiza baharini likiwa tupu na kulivuta kesho yake likiwa na samaki ndani itawatosha bila maelezo yoyote.

Hatua ya tatu: amua kama hadithi itasikilizwa au itasomwa kimya

Kusoma kwa sauti kunapima mwendo wa hadithi, mazungumzo ya wahusika na vichekesho. Kusoma kimya kunapima lugha. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 10 anza kwa kuwasomea, kisha mpe kila mmoja ukurasa mmoja ausome mwenyewe mbele yako, na utasikia pale anaporudia. Mara nyingi kikwazo si msamiati bali kitenzi kilichobebeshwa viambishi vingi. Mtoto anayelijua vizuri neno “tambua” anaweza kusimama mara mbili mbele ya “wasingaliyatambua”. Sentensi zenye “ambaye” mbili na vishazi vilivyopandana nazo husomwa kwa pumzi ya kukatika. Weka alama tu; usimsahihishe.

Afadhali anayesoma kwa sauti asiwe wewe. Mwandishi akisoma mwenyewe, sauti yake hufunika udhaifu wa sentensi, na macho yake huwa kwenye karatasi wakati ambapo yangepaswa kuwa kwa watoto. Mwombe mkutubi au kijana mwenye sauti nzuri asome, bila kuigiza kupita kiasi, nawe ukae pembeni na nakala yako ya alama. Mwalimu wao wa darasa ni chaguo la mwisho, kwa sababu mbele yake watoto hukaa kama walivyozoea kukaa.

Hatua ya nne: siku ya kusoma

Mkeka na duara hufaa kuliko madawati na ubao. Watoto wakikuita mwalimu, na wengi watakuita hivyo mara tu baada ya shikamoo, waeleze kwamba hakuna mtihani wala alama, kwamba hadithi hii bado haijawa kitabu, na kwamba mwenyewe anataka kujua pa kuibadilisha. Hakuna haja ya kutangaza mwanzoni kuwa mwenyewe ni wewe, ila wakiuliza, sema kweli.

Panga vipindi vya dakika 40 visivyozidi kimoja kwa siku. Katika pambizo la nakala yako tumia alama chache ulizozizoea: moja ya kicheko, moja ya swali, moja ya mtoto anayetazama nje, moja ya ukimya. Ukimya una sura mbili ambazo zisichanganywe. Kuna ukimya ambao ndani yake miili imeinama mbele na hakuna anayejikuna, na kuna ukimya wa adabu, ambao ndani yake vidole vya miguu vinacheza na ukindu wa mkeka. Wa pili, ukidumu kwa kurasa mbili, unakwambia kwamba kurasa hizo ni zako wewe mwandishi na si zao.

Acha usomaji mahali pawili au patatu palipopangwa na uulize tu, “Sasa mnadhani itakuwaje?” Wote wakikisia sawasawa, msuko wa hadithi ni mwepesi mno. Wakikosa wote na baadaye wakalalamika kwamba wamedanganywa, hukupanda dalili za kutosha. Hali nzuri kuliko zote ni pale wanapobishana wao kwa wao, mmoja akisema ni Hemedi na mwingine akikumbusha kwamba babu alikuwa na matope miguuni asubuhi ile. Wakifika hapo, nyamaza na uandike.

Hatua ya tano: mazungumzo baada ya kusoma

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibika, na huharibiwa na swali moja: “Hadithi hii inatufundisha nini?” Watoto wetu wamelijibu swali hilo tangu darasa la kwanza na wana majibu tayari. Watasema inatufundisha tusiwashuku wenzetu, tuwatii wakubwa, tusikope. Majibu hayo ni sahihi na hayana faida yoyote kwako, kwa sababu yangetolewa vilevile hata kama hadithi ingekuwa mbovu, na yakishatolewa mazungumzo yamefungwa. Inafaa kukumbuka kwamba mtambaji wa ngano akisema “Hadithi, hadithi!” hadhira humjibu “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Funzo halikaribishwi mlangoni, ingawa huingia. Ukitaka kulisikia, liache hadi dakika za mwisho kabisa, au usiliulize.

Mwingereza Aidan Chambers, aliyefanya kazi miaka mingi na walimu juu ya mazungumzo ya vitabu, alipendekeza maswali ya msingi manne: kuna kitu ulichokipenda? kuna ambacho hukukipenda? kuna kilichokutatiza? kuna mambo uliyoona yanajirudia au yanahusiana? Alishauri pia kuepuka “kwa nini?”, kwa kuwa swali hilo humfanya mtoto ajitetee, na badala yake aliweka mwaliko ambao kwetu ungekuwa “hebu niambie”. Ushauri huu unafanya kazi vizuri katika Kiswahili, kwa sababu “kwa nini” ya mtu mzima kwa mtoto wa Kiswahili mara nyingi hutangulia adhabu. Mtoto akisema Hemedi hakumfurahisha, usimwambie “Kwa nini?” Mwambie, “Hebu niambie pale alipokukera.”

Lianze swali la kilichowatatiza kabla ya swali la walichokipenda. Watoto waliolelewa kwa adabu hawamkosoi mtu mzima mbele yake, ila kuuliza si kukosoa. Kwa njia hiyo utasikia maswali ambayo ni ukosoaji uliovikwa heshima: deni lilikuwa la nani? Mama yake Mwanaidi yuko wapi? Na swali ambalo kwa muswada huu lingekuwa karibu hakika: je, Mwanaidi alimwomba Hemedi radhi? Mwandishi alishughulika na babu hadi akamsahau mtoto aliyesingiziwa wizi; watoto hawawezi kumsahau, kwa kuwa kusingiziwa ni dhuluma wanayoijua vizuri kuliko madeni.

Louise Rosenblatt, mwanamke wa Marekani aliyeanza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1938, alieleza kwamba maana haikai ndani ya maandishi peke yake, bali huzaliwa pale msomaji fulani anapokutana na maandishi hayo kwa maisha yake yote. Kwa mwandishi anayepima muswada, maana yake ni kwamba swali la radhi si mtoto “kutoelewa” hadithi. Hiyo ndiyo hadithi aliyoisoma yeye, na mara nyingi ni nzuri kuliko uliyoiandika.

Hatua ya sita: majibu yasiyopitia maswali

Siku inayofuata, mlete mtoto mmoja ambaye hakuwepo na umwombe aliyekuwepo amsimulie mwenzake. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kilichobaki katika masimulizi ndio mifupa ya hadithi. Kilichopotea, hata kama ni aya uliyoipenda sana, hakikushika. Sikiliza pia majina. Mhusika anayeitwa “yule mwingine” hana sura bado. Mawaidha ya babu yatasimuliwa kwa maneno matatu, “akawaambia akawaambia wee,” na hapo utakuwa umeonyeshwa urefu wake unaostahili.

Michoro husaidia, ili mradi isitolewe maksi. Waambie wachore mahali pamoja tu, kwa mfano kivukoni. Ukiona kila mtoto amechora kivuko cha namna yake, maelezo yako hayakujenga picha. Hilo ni sawa kama umbo la kivuko halina uzito, na ni tatizo kubwa kama Mwanaidi anajificha nyuma ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Ukiwa na miisho miwili, usiwapigishe kura ya mikono, kwa maana wataufuata mkono wa aliye mkubwa au mcheshi kuliko wote. Mpe kila mmoja kizibo cha soda, weka makopo mawili nyuma ya mlango, na waende mmojammoja.

Hatua ya saba: wasomaji wa miaka 12 hadi 14

Vijana hawa hawapimwi kwa njia hizo. Kuchora watakuona unawadharau, na kuhusu jambo la aibu hawatasema neno mbele ya wenzao. Wape nakala wasome peke yao, pamoja na penseli na alama tatu: mstari pembeni mwa palipowashika, mstari wa mawimbi palipowachosha, na alama ya mshangao wasipoamini. Waandike mahali walipoweka karatasi chini na wakati walipoirudia. Badala ya kumwandikia mwandishi maoni, wamwandikie mhusika barua fupi isiyo na jina na kuitia katika sanduku. Katika barua kwa Mwanaidi kijana ataandika mambo ambayo asingeyasema katika duara.

Angalia hasa alama ya mshangao. Msomaji wa miaka 13 anaweza kukubali jini la baharini bila shida, lakini hatakubali mvulana wa umri wake anayezungumza kama mhutubu, wala msichana anayesamehe papo hapo. Lugha ya vijana wa mtaani nayo ni mtego: misimu uliyoisikia mwaka huu itakuwa imechakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani, na wasomaji hawa huicheka misimu ya mtu mzima kwa ukatili. Kiswahili chepesi na sanifu, chenye neno moja moja la mtaani, hudumu zaidi.

Kama hadithi inagusa kupevuka, mapenzi, kipigo au ukatili wa mtu mzima, wazazi waijue kabla. Pia ujiandae kwamba kijana anaweza kusema au kuandika jambo lililompata yeye. Hapo kazi ya kupima muswada imesimama. Msikilize, usimwahidi kwamba utaficha, na umhusishe mlezi anayeaminika au ofisi ya ustawi wa jamii. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya.

Hatua ya nane: kuyafasiri majibu na kurekebisha

Kaa siku chache kabla ya kugusa muswada. Kisha zipange alama zako kurasa kwa kurasa, ukizilinganisha na karatasi ya matarajio, na uyatenge mambo ya lugha, ya mwendo, na ya kuaminika. Ya lugha rekebisha karibu yote, kwa maana hayana ubishi. Katika mengine, mtoto ni kama mgonjwa: panapouma anapajua, dawa ni kazi ya tabibu. Watoto wakisema hadithi ingependeza zaidi kama polisi wangekuja, pengine hawahitaji polisi. Wanakwambia kwamba katika sura ya tano hatari imepungua. Mtoto mmoja akikwama, andika. Watatu wakikwama mahali pamoja katika kundi la watoto saba, badilisha.

Yapo pia malalamiko ambayo hayapaswi kutiiwa. Tuseme katika hadithi ngalawa ya babu inazama: watoto wakiomba isizame, au wakinyamaza kwa huzuni mwishoni, muswada umefanya kazi yake, na mwandishi anayeirudisha ngalawa ili kuwaridhisha amewanyang'anya kitu. Kinyume chake, kicheko mahali ulipotaka hofu hakina utetezi wowote, hata kama wewe na mhariri wako mnaipenda sana aya hiyo.

Hatua ya tisa: kundi la pili

Muswada uliorekebishwa usiurudishe kwa watoto walewale, kwani wanaijua siri ya babu na watakupongeza kwa kuwasikiliza. Tafuta kundi jipya, ikiwezekana la mahali tofauti, na uanze upya, ila safari hii usome alama mbili tu: pale palipobadilishwa, na pale palipokuwa pazuri tangu mwanzo, maana marekebisho ya sura ya tatu mara nyingi huvunja kicheko cha sura ya sita. Ukiona kundi hili linakwama mahali papya na kila mtoto pake, bila pawili kulingana, acha kupima. Kinachobaki ni tofauti za wasomaji, na hizo haziondolewi kwa kuandika.

Kabla ya kuukabidhi muswada kwa mchapishaji, ambatisha ukurasa mmoja unaoeleza umri wa watoto, mahali, palipobadilishwa na sababu yake, bila jina la mtoto hata mmoja. Mhariri atakayetaka kurudisha mawaidha ya babu kwa hoja kwamba shule zitayahitaji atalazimika kujibu ukurasa huo kwanza. Kitabu kikitoka, peleka nakala katika maktaba au shule ulikokutana na watoto, kwa sababu watakuwa wanaulizia kama Hemedi aliombwa radhi.